Pezi la Kushoto la Wifi

Mtu akitoka majini huacha unyayo sakafuni, na mimi kazi yangu imenifundisha kuusoma. Nimekaa kwenye stoo ya bwawa la kuogelea miaka kumi na minne. Dirisha langu linatazama ile sakafu ya saruji kati ya maji na mabafu, na kila anayetoka kuogelea lazima apite pale. Kabla jua halijakausha, namjua mtu bila kumtazama uso. Kocha ana unyayo bapa kama ubao wa kukatia mboga. Kinyozi, ambaye huja kuogelea kabla ya kufungua saluni yake, kidole chake cha pili kimelipita gumba. Mwalimu wa chekechea hukanyagia ukingo wa nje, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto.

Mtu mmoja tu hakuwa na unyayo. Huyo akitoka majini alikuwa na taulo mkononi, anaenda kinyumenyume, na kila hatua anayopiga anaifuta, mpaka anafika mlango wa chumba cha kufulia. Watu walimsifu. "Mama Taulo kwa usafi ana digrii," kocha alikuwa akisema. Mimi nilinyamaza. Nilijua anafuta nini, kwa sababu nililala naye nyumba moja miaka kumi na moja. Ni wifi yangu. Au alikuwa wifi yangu. Talaka ikishatoka, sijui wifi anageuka kuwa nani.

Wifi alipokuwa mtoto wa miaka mitatu aliangukiwa na sufuria la maji ya moto. Mguu wa kulia ulipona, wa kushoto ukabaki na kovu lililokaza kama ngozi ya ngoma. Mtoto akakua, unyayo wa kushoto haukukua naye. Mama yake akamfundisha kuuficha. Tangu utoto hakuvaa ndala mbele ya watu. Alinunua viatu vya kufunika, saizi ya mguu wa kulia, na kile cha kushoto akakijaza kitambaa mbele. Kutembea alitembea sawasawa, usingejua. Mimi nilijua siku nilipokuwa nafagia uvunguni mwa kitanda chake, fagio likavuta kiatu, kitambaa kikadondoka. Alitokea mlangoni, akakinyakua, akanitazama kama nimemvua nguo. Kesho yake tuligombana kwa sababu ya ndoo.

Tuligombana sana, sikatai. Lakini ugomvi wa mawifi una mipaka yake; leo mnanuniana, kesho mnachambua mchele kwenye sinia moja. Kilichonikaa rohoni ni siku moja tu. Kaka yake, yaani mume wangu, alipata mwanamke mwingine, akaona nyumba haitoshi wanawake wawili. Akaleta vijana wawili wakatoa vitu vyangu: kitanda, masanduku, na kabati lenye kioo ambalo mama yangu alinipa. Majirani walisimama nje. Na aliyeushika mlango ili vitu vyangu vipite vizuri alikuwa wifi. Aliunyoosha mkono, akaukandamiza mlango ukutani, na mimi nikapita chini ya kwapa lake na mwanangu mgongoni. Hakusema neno. Hata "pole" haikumtoka.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Mimi nikaondoka kwenye damu nikarudi kwenye maji yangu, stoo.

Mwaka haukuisha. Yule mwanamke mpya naye akaona nyumba haitoshi yeye na wifi. Mlango alioushika ukamfungukia na yeye. Asubuhi moja naambiwa kuna mfuaji mpya wa taulo, natoa kichwa dirishani, namwona amesimama na mfuko, viatu vyake vya kufunika miguuni. Niliuma meno. Kati ya kazi zote za dunia hii, aje kufua kwenye bwawa langu! Sikumsemesha. Naye akaanza kuniita "Mama Stoo" kama wageni wanavyoniita, na mimi nikamwita "wewe". Tukaishi hivyo miaka sita.

Chumba cha kufulia kina dirisha linalotazama kina kifupi. Kule ndani, mikono ikiwa kwenye povu, alimsikia kocha mwaka mzima akiwafundisha watoto wa matajiri: pumua pembeni, piga mguu kutoka nyongani, usipinde goti kama unaendesha baiskeli. Mwaka wa pili mlinzi akaanza kumfungulia alfajiri. Mimi hufika mapema, kwa hiyo nilimwona. Alishika chuma cha pembeni akapigapiga mguu kama kuku kwenye beseni. Sitadanganya, nilitamani azame kidogo. Si azame afe. Azame anywe maji mawili matatu akumbuke. Hakuzama. Mwezi wa nne akaachia chuma. Mwaka wa tatu alikuwa anakwenda na kurudi bila kusimama, polepole, hana mbio, lakini hachoki. Kisha anatoka, anachukua taulo, anafuta nyayo zake kabla mtu hajazisogelea.

Mwaka huu, mwezi wa pili, meneja akatuita wote akatwambia mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, mashine kubwa ya kufulia imenunuliwa, na ikifika mwisho wa mwezi mikono ya kufulia haitahitajika. La pili, bwawa limekubaliana na wenye hoteli za ufukweni kuwapatia waokoaji wanne. Anayetaka ajiandikishe, afundishwe wiki mbili, afanye mtihani: mizunguko minne ya kwenda na kurudi akiwa na mapezi, kisha amvute mtu wa mpira kutoka kina kirefu mpaka ukingoni, vyote ndani ya dakika sita.

Wifi akainua mkono.

"Wewe Mama Taulo?" meneja akacheka. "Una miaka mingapi?"

"Arobaini na tatu. Maji hayajaniuliza."

Watu wakacheka, kocha akaandika. Wakawa kumi na mmoja: kinyozi, mwalimu wa chekechea, dereva wa lori aliyeacha lori, vijana kadhaa, na wifi. Kumi walikuwa na mahali pa kurudi wakishindwa. Wifi alikuwa anaishi kwenye chumba kidogo nyuma ya chumba cha kufulia. Mashine ikija, inakuja kukaa pale.

Sasa nieleze habari ya mapezi, maana hapo ndipo mimi ninapoingia. Pezi la mazoezi si kama kiatu. Ni tundu la mpira la kuingiza mguu, na mbele yake ubapa kama mkia wa samaki. Likiwa kubwa, maji yanaingia ndani, linachezacheza, linachubua kisigino, mwisho linatoka. Likiwa dogo, linaminya unyayo mpaka msuli unakaza, na msuli ukikaza katikati ya maji ni wewe unayehitaji mwokoaji. Mapezi mapya yakaagizwa jozi kumi na mbili. Kocha akapitisha karatasi, kila mtu aandike saizi ya kiatu chake. Mimi sikusoma, lakini namba nazijua vizuri kwa sababu ya mapezi. Nilipoiona ile karatasi nikajua tumekwisha.

Sisi huku tunavaa viatu vya nani? Tunavaa viatu vilivyovaliwa na watu wengine kabla yetu. Unakwenda kwenye rundo, unapata kiatu kizuri, kimekuzidi saizi mbili, unakiacha? Unakijaza gazeti, maisha yanaendelea. Ukiulizwa saizi ya kiatu chako unasema ile iliyoandikwa chini ya kiatu, na hiyo si ya mguu wako, ni ya mzungu aliyekitupa.

Mapezi yakafika. Siku ya kuyagawa nikawapanga kwenye benchi.

"Nani kaandika arobaini na tano?"

"Mimi," akasema kinyozi.

"Vua kiatu."

Akavua. Nikaingiza mkono, nikatoa gazeti, nikatoa soksi, nikatoa gazeti lingine. "Hiki kiatu cha nani?"

"Cha marehemu baba."

"Basi marehemu aje aogelee."

Benchi lote likaanguka kwa kicheko. Kocha akashika kichwa. "Jamani, mimi niliuliza saizi ya kiatu!"

"Ndiyo uliyopewa," nikamwambia. "Ungeuliza ya mguu."

Nikaleta ndoo. Kila mtu achovye miguu, asimame kwenye saruji kavu, asogee. Nikapima nyayo kwa kamba, nikazilinganisha na matundu ya mapezi, nikawabadilishia, huyu ampe yule, yule ampe huyu. Kinyozi alipofikiwa akataka yale ya zamani marefu, ya kupigia mbizi. "Haya yana mbio," akasema. Nikamwacha ayavae. Mzunguko wa pili akawa anapiga kelele kashikilia paja. Akatoka akayarudisha bila neno. Marefu yanataka mguu uliokwisha kuzoea. Mafupi ndiyo yanayoufundisha. Mguu ni kama mtoto, haupewi mzigo wa baba siku ya kwanza.

Wifi hakuchovya mguu kwenye ndoo. Alipofikiwa na zamu alisema, "Mimi arobaini na moja, inanitosha," akachukua jozi yake akaondoka nayo kifuani. Nikamtazama. Nilijua ule wa kulia utakaa vizuri na wa kushoto utaelea kama mwiko kwenye chungu. Ningeweza kusema. Sikusema. Nilijiambia mwenye siri yake aibebe.

Akabeba kwa soksi. Wiki ya kwanza alivaa soksi mbili kushoto, na kwa kasi yake ya taratibu ikawa inapita. Jumatano ya wiki ya pili, siku mbili kabla ya mtihani, kocha akawafanyisha jaribio kamili, na saa mkononi. Wifi alikwenda vizuri mizunguko miwili. Wa tatu, kwenye kugeuka ukutani, alipojisukuma, pezi la kushoto likamtoka. Likabaki nyuma linaelea peke yake, na soksi inalifuata kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Watu walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Yeye akaendelea na pezi moja, akawa anazunguka badala ya kwenda mbele, mpaka kocha akapuliza filimbi.

"Mama Taulo," kocha akamwambia akiwa bado majini, "Ijumaa likitoka, umetoka. Siwezi kumkabidhi mtu ufukwe wakati hawezi kukabidhiwa pezi."

Akatoka. Akafuta nyayo zake. Mara hii alizifuta amepiga magoti.

Mchana ule alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia, alisimama kizingitini ameshika ubao wa mlango.

"Mama Stoo, una kamba ya mpira?"

"Ya nini?"

"Ya kufungia kitu."

"Kitu chenyewe ni kisigino chako?"

Akauficha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia.

"Kamba itakukata," nikasema. "Mzunguko wa tatu utakuwa na ganzi, huna mguu."

"Basi nipe soksi nzito."

"Soksi ikilowa inakuwa sabuni. Umeiona mwenyewe leo inaogelea vizuri kuliko wewe."

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Ule mkono wake kwenye mlango ukanichoma macho.

"Mlango huu haushikwi," nikamwambia. "Uingie au utoke."

Akaushusha mkono kama umeungua. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe bado unaukumbuka ule mwingine."

"Nitausahau vipi? Nilipita chini ya kwapa lako."

"Nilikuwa nashikia kioo. Ule mlango ulikuwa unajifunga wenyewe, unajua. Wale vijana walikuwa wanalisukuma kabati kama gunia. Nikaona kioo cha mama yako kitavunjika."

"Na mdomo? Nao ulikuwa umeshikia kioo?"

Akatazama chini, kwenye vile viatu. "Mdomo uliogopa. Nilikuwa nakula kwa kaka. Nikajua nikisema neno, wa pili kutoka ni mimi."

"Na ukatoka."

"Nikatoka," akasema. "Bila hata kioo."

Sijui kama habari ya kioo ni ya kweli. Nimeigeuza kichwani mara nyingi tangu siku ile. Kioo nilifika nacho kizima, hilo ni kweli. Kila asubuhi najifungia kilemba mbele yake. Lakini sikumsamehe palepale, watu wasije wakadhani nina moyo wa malaika. Nilimtazama mwanamke wa miaka arobaini na tatu anayeomba kamba, nikaona mashine inaingizwa chumbani kwake na godoro lake linatolewa nje, na nikajiuliza nani atamshikia mlango. Nikajibu mwenyewe: ni mimi, maana hapa mimi ndiye mwenye funguo. Nikachukia jibu hilo.

"Funga mlango, kaa. Vua viatu."

"Unajua?" akaniuliza.

"Tangu siku ya fagio."

"Na hukumwambia mtu? Miaka yote tuliyogombana?"

"Tulikuwa tunagombana kwa mambo ya maana. Vua."

Akavua. Sikuwa nimewahi kuuona mchana kweupe. Kovu lilipanda mpaka kifundoni, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimelaliana. Nikamletea ndoo. Akachovya, akasimama kwenye saruji ya stoo, akasogea, na zikabaki nyayo mbili, moja fupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili vyangu. Tukaziangalia wote wawili. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuziangalia bila taulo.

Dawa yake ilikuwa rahisi na ilikuwa ukutani. Kulia arobaini na moja, kushoto thelathini na nane. Lakini kuna sheria ya meneja. Mwaka uliopita mapezi mojamoja yalipotea, na tangu hapo alitaka kila jioni yaning'inizwe kwa jozi, yamefungwa kwa uzi kisigino kwa kisigino, ayapitie mwenyewe. "Pezi lisilo na mwenzake ni wizi uliopumzika," alikuwa akituambia, na mwenye stoo wa zamu ya jioni aliondoka kwa sababu ya pezi moja tu. Kumpa wifi jozi yake kulitaka nivunje jozi mbili, na kingebaki kilema ukutani: kulia dogo, kushoto kubwa. Nikachukua mkasi nikakata nyuzi mbili. Nilizisikia zikikatika.

Mapezi hayavaliwi makavu. Niliulowesha mguu, nikalilowesha pezi, nikalikunja ukingo wa kisigino nje, nikausukuma mguu mpaka mwisho, ndipo nikaurudisha ukingo. Vile vidole vilivyolaliana vikachungulia mbele, vimetulia. Nikapitisha kidole changu nyuma ya kisigino, hakikupita. Nikamwambia ainue mguu autikise kama anafukuza paka. Pezi halikucheza. Nikamkalisha hivyohivyo muda wa kunywa chai, nikitazama rangi ya vidole. Havikuwa vyeupe.

"Unauma?"

"Hapana." Akautikisa tena. "Wifi, umenishika."

"Pezi ndilo lililokushika. Mimi nimeshika mkasi."

Lakini nilisikia. Miaka saba hakuwa ameniita wifi.

Bahati, jioni ile meneja hakuja kuyapitia mapezi. Alhamisi alfajiri akaingia nayo majini. Ubapa wa pezi dogo ni mfupi kidogo, kwa hiyo mguu wa kulia ukawa unasukuma zaidi, akawa anavutwa kushoto, anaigonga kamba ya mpaka. Alipogonga mara ya tano alitoa kichwa akacheka. "Nakwenda kama gari lenye tairi moja bovu!" Nikamwambia wa kushoto aupige kwa nguvu, aache kuuhurumia. Nilikuwa nimesimama ukingoni nikimfokea kama mimi ndiye kocha, mimi nisiyejua kuogelea. Mpaka saa moja alikuwa anakwenda katikati ya njia yake, sawasawa.

Jioni meneja akapita ukutani na kidole chake. Akafika kwenye kile kilema. Akakishika, akakipima kwa macho.

"Hii jozi mbona inachechemea?"

"Nimezivunja mbili nikatengeneza moja."

"Kwa ajili ya nani?"

"Mtu wa mtihani."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye miguu miwili, bosi. Jozi ni ya miguu, si ya uzi."

Alikuwa hajazoea kujibiwa na mimi. "Yarudishe yalivyokuwa. Sasa hivi."

Nina kijana shuleni na sina kaka wa kumkimbilia. "Sirudishi," nikasema. "Andika unachotaka kuandika."

Kocha alikuwa anapita na filimbi yake. Akasimama. "Bosi, mpaka mtihani uishe mapezi yako chini yangu. Kama yatapotea nitakamatwa mimi." Hakuuliza ni ya nani. Baadaye nilifikiri labda alikuwa amekwisha kujua.

Meneja aliandika barua ya onyo. Ninayo kwenye droo, chini ya mikasi. Alikosea hata jina la idara, nimeambiwa na aliyenisomea.

Ijumaa walipangwa ukingoni. Waliingia mmojammoja, kocha ana saa, watu wawili wa hoteli wamekaa kwenye viti. Kinyozi alikwenda kama aliyechelewa harusi, na mapezi mafupi. Dereva wa lori alimfikisha mtu wa mpira kifudifudi, wakamwambia amemwokoa maiti. Wifi alikuwa wa tisa. Nilitoka stoo na fagio la maji mkononi, nikajifanya nasukuma maji.

Mzunguko wa kwanza, wa pili. Hakuwa na mbio. Kwenye kugeuka mara ya tano, pale pale lilipomtoka Jumatano, nilifumba macho kama mtoto. Nilipofumbua, mapezi mawili yalikuwa yanatoka majini yanarudi, moja refu, moja fupi. Mzunguko wa nne vijana wa kabla yake walikuwa wamechoka hapo; yeye alikuwa vilevile alivyoanza, kama mtu anayefua taulo na anajua bado ziko nyingi. Akazama, akaibuka na mtu wa mpira, uso wake juu, kidevu kimeshikwa vizuri. Akamvuta kwa mgongo, miguu inapiga chini. Kocha akabonyeza saa.

"Dakika tano na sekunde hamsini na moja."

Mwalimu wa chekechea akapiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Majina yalisomwa saa ileile: kinyozi, vijana wawili, na "mama wa chumba cha kufulia".

Wifi alikaa ukingoni akavua mapezi. Taulo lake lilikuwa pale pale kwenye benchi alipoliweka. Akalitazama. Kisha akasimama, akaliacha, akaja kwangu akivuka saruji yote kwa miguu mitupu, ameshika mapezi mkononi, wala hakuja kinyumenyume. Nyuma yake nyayo zikajipanga: kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, kutoka majini mpaka mlangoni kwangu.

Kinyozi alizitazama, akatazama miguu. "Mama Taulo, hizi za nani?"

"Zangu," akasema. "Zote mbili."

Kinyozi akakuna kichwa. "Mimi nilivaa viatu vya marehemu wiki nzima," akasema, "sina la kusema." Wifi akacheka, na mimi nikacheka, nikiwa sitaki.

Alinipa mapezi. "Wifi, jozi yako."

"Jozi yako," nikasema. "Unaondoka nayo ufukweni." Nikaifunga kwa uzi, kisigino kwa kisigino. Nilikuwa na fagio mkononi na kazi yangu ni kukausha ile sakafu. Sikuikausha. Niliacha jua lifanye.

Sasa ana kibanda chake ufukweni na chumba cha wafanyakazi, na Jumapili nikipata nafasi naenda na mwanangu, ambaye anamwita shangazi kama zamani. Hatuongelei kaka yake. Siku nyingine tunagombana kidogo, ili tusisahau. Mashine imeingia, inanguruma mchana kutwa.

Ile jozi nyingine, kulia dogo na kushoto kubwa, bado iko kwenye msumari wake. Meneja ameuliza mara mbili nitaifanyia nini. Nimemwambia ina mwenyewe. Kila kundi jipya likitoka majini nasimama dirishani natazama sakafu, namtafuta. Bado sijampata. Lakini wiki iliyopita nimemwona mama mmoja anatoka na taulo mkononi, anaifuta sakafu nyuma yake. Kesho nitampelekea ndoo.